Mguu wa Mpiga Gitaa: Makanyagio, Swichi na Umeme katika Bonde la Kilombero

Swichi ya mguu ya mpiga gitaa hufanya kazi kwa namna mbili. Ya kwanza hubaki pale ilipoachwa: ikikanyagwa mara moja sauti hubadilika, na hukaa hivyo hata mguu ukiondoka, mpaka ikanyagwe tena. Ya pili ni ya kitambo: sauti hubadilika muda wote swichi inaposhikiliwa, na mguu ukiinuka hurudi ilikotoka. Kwenye kidhibiti cha MIDI, ule ubao wa chuma wenye safu ya swichi unaowekwa sakafuni mbele ya mpigaji, tabia hizo haziko tena ndani ya chuma. Huandikwa. Mwenye kifaa hukaa na kitabu cha maelekezo akaipangia kila swichi itume ujumbe gani ikikanyagwa, itume gani ikiachwa, na ifanye nini ikishikiliwa kwa muda mrefu zaidi. Njia iliyoufikisha mguu wa mwanamuziki kwenye kazi hiyo ya uandishi ni ndefu, na sehemu kubwa yake inaonekana katika Bonde la Kilombero, kwenye ngoma, misheni, mashamba ya miwa, reli na mitambo ya umeme.

Bonde hilo limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Ifakara, mji wake mkuu, uko karibu na kivuko cha zamani cha Mto Kilombero. Wenyeji wake wa siku nyingi ni Wandamba wa kando ya mto, Wambunga, na Wapogoro ambao makao yao yanapanda mpaka Mahenge. Katika ngoma za eneo hili, kama kwingine mashariki mwa Tanzania, mguu wenyewe ni chombo: hupiga ardhi, na ukifungwa njuga kwenye kifundo hutoa mlio kila unapotua. Mguu ukisimama, njuga nazo zimenyamaza. Mwanzoni mwa karne ya 20 beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya na kuingia bara pamoja na askari, wapagazi na makarani, iliongeza hatua za gwaride. Hata humo mguu ulikuwa bado unatoa sauti yake wenyewe, na haukuwa unaamrisha sauti ya kitu kingine.

Amri ya mguu ilikuja na kinanda cha misheni. Wabenedikto walianzisha misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902, miaka mitatu kabla ya boma la Wajerumani la hapo kushambuliwa katika Vita vya Maji Maji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wakapuchini kutoka Uswisi walichukua kazi hiyo, nao ndio waliojenga sura ya Ukatoliki wa bonde zima. Kinanda kilichofaa makanisa ya namna hiyo, yaliyokuwa mbali na umeme, kilikuwa hamoniamu, chombo kilichopewa hataza Paris mwaka 1842. Mpigaji husukuma makanyagio mawili kwa zamu, viriba vya ndani hujaa upepo, na upepo hupita kwenye vimwanzi vya shaba.

Hamoniamu inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko ilivyo kawaida, maana tabia zote mbili za swichi zilikuwa tayari zimo ndani yake. Mbele ya mpigaji kuna vishikio vya kuchagua sauti: kikivutwa, hubaki kimevutwa mpaka kirudishwe kwa mkono. Chini ya kibao, katika vinanda vingi vya aina ya Kimarekani, kuna chuma cha kusukumwa kwa goti ambacho hufungua sauti kubwa, na goti likiondoka springi hukirudisha mahali pake. Cha kwanza kilikuwa cha kwaya kuimbia ubeti mzima; cha pili cha kuinua neno moja. Aliyejifunzia kinanda kanisani alijua tofauti hiyo kwa mwili wake miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuiandika kwa tarakimu.

Gitaa lilifuata njia nyingine, ya dansi. Mjini Morogoro, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara, bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na Salim Abdullah akaanzisha Cuban Marimba mwaka 1948. Magitaa ya mwanzo yalikuwa makavu, yasiyo na umeme. Kufikia miaka ya 1960 gitaa la umeme lilikuwa limeshika ukumbi, na bendi ikagawana kazi: mpiga solo, mpiga ridhim, mpiga besi, na baadaye solo la pili. Mbaraka Mwinshehe, aliyejiunga na Morogoro Jazz katikati ya muongo huo, aliipeleka bendi hiyo hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano mwaka 1973. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya.

Wakati huohuo bonde lilikuwa linapata watu wenye mishahara, yaani wateja wa dansi. Kampuni ya Sukari ya Kilombero iliundwa mwaka 1960 na kiwanda kikaanza kutoa sukari mwaka 1962. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Kidatu mwaka 1965. Kisha ikaja TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Reli hiyo hupita Ifakara na kuendelea hadi Mlimba kabla ya kupanda milima ya kuelekea Makambako. Kusafirisha amplifaya, spika na jenereta kulikuwa rahisi zaidi kwa reli kuliko kwa barabara ya udongo wa mfinyanzi ambayo masika iliigeuza tope. Bendi iliyotaka kuendelea mbele hadi Mahenge ilibidi ivushe vyombo kwa pantoni. Daraja la kudumu juu ya Mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018 tu.

Nje ya Afrika, miaka hiyohiyo ndiyo iliyoliteremsha kanyagio kwenye sakafu ya mpiga gitaa. Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ilitoa Maestro FZ-1, kisanduku cha kukwaruzisha sauti, na mwaka 1967 wah-wah ikaingia sokoni. Swichi za vifaa hivyo zilikuwa za kubaki, za chuma kitupu: mguu ulisukuma kitufe kigumu, meno ya ndani yakaruka upande wa pili, na hapo yakakaa. Chuma chenyewe ndicho kilichokumbuka hali ya sauti. Hata umeme ukikatika usiku kucha, swichi iliyoachwa imewashwa ilikutwa asubuhi imewashwa.

Tanzania haikuvipokea vifaa hivyo kwa pupa. Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya roki na muziki wa Kiafrika na ambayo albamu yake Ave Africa ni ya mwaka 1976, ilikwaruzisha gitaa bila haya. Bendi nyingi za dansi zilijizuia, na zilikuwa na sababu nzuri. Utamu wa dansi uko katika kufumana kwa magitaa matatu au manne, kila moja likijaza nafasi iliyoachwa na jingine. Solo likianza kukwaruza, ridhim hufunikwa na mfumano wote hupotea. Kilichopendwa zaidi ni mwangwi, ambao huirefusha noti bila kuichafua.

Umeme wa kuendesha haya yote ulitoka kwa kiasi kikubwa kwenye mlango wa bonde lenyewe. Kituo cha Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu kilianza kuzalisha mwaka 1975, na awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980 pamoja na bwawa la kuhifadhia maji la Mtera, uwezo wake ulifika megawati 204. Kwa miaka mingi hakuna kituo cha maji nchini kilichokizidi. Kihansi, upande wa magharibi wa bonde, kiliongeza megawati 180 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyaya kubwa kutoka Kidatu zilielekea Morogoro na Dar es Salaam, kwenye viwanda na kumbi. Kuishi karibu na bwawa hakukumpa mtu umeme nyumbani: vijiji vingi vya bonde viliendelea kucheza muziki wa jenereta na betri vikiwa vinatazamana na milima inayozalisha umeme wa taifa.

Katika mfumo huo, swali la nani anamiliki kanyagio lilikuwa zito kuliko swali la namna linavyofanya kazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika na taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, DDC Mlimani Park ya shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. Jeshi, polisi na magereza nao walikuwa na zao. Mwanamuziki aliajiriwa, akapewa gitaa la ofisi, na alipohama bendi aliliacha. Mtindo wa vidole alihama nao. Sauti ya mitambo ilibaki kwa mwajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni ziliadimika hata nyuzi za gitaa zikawa tatizo, na mapema miaka ya 1980 magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao walizokuwa nazo nje, na vyombo vipya vikaanza kuingia. Mwaka 1987 Vijana Jazz, chini ya Hemedi Maneti, iliongeza vyombo vya kielektroniki kwenye safu yake, na bendi nyingine zikafuata.

Vifaa vilivyoingia wakati huo havikuwa tena vile vya chuma kitupu. Mwaka 1977 kampuni ya Boss ya Japani ilikuwa imetoa makanyagio madogo ya rangi rangi ambayo swichi yake ilikuwa ya kitambo. Mguu uligusa tu, na kitufe kikarudi juu chenyewe. Kilichobadilika kilikuwa ndani: saketi yenye hali mbili, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1918, ilipokea mguso mmoja ikageuka, ikapokea mwingine ikageuka tena. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa sababu swichi ilikuwa laini, haikutoa mlio wa kubofya kwenye spika, na ilidumu. Hasara yake ni kwamba kumbukumbu sasa ilihitaji umeme. Betri ikizimika saketi husahau.

Miaka sita baadaye ikaja MIDI. Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya vyombo vya muziki huko California, vinanda vya kampuni mbili shindani, Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland, viliunganishwa kwa waya na kimoja kikapigwa kwa kupitia kingine. Waliousukuma mpango huo zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Waya wa MIDI haubebi sauti. Hubeba maagizo, biti 31,250 kwa sekunde, kwenye njia 16, kupitia plagi ya mviringo yenye pini tano. Wapiga gitaa waliingia humo katikati ya miaka ya 1980, mitambo ya sauti ilipoanza kuwekwa kwenye kabati nyuma ya jukwaa na swichi pekee kubaki sakafuni. Kuanzia hapo mguu na sauti vilitenganishwa kabisa: swichi haigusi tena mkondo wa gitaa, inatuma tarakimu.

Tarakimu hizo ni za aina chache. Moja ni agizo la kubadilisha programu, ambalo huuambia mtambo uende kwenye sauti namba fulani, kuanzia 0 hadi 127. Vifaa vingine huhesabu kuanzia 1, na hapo ndipo mpigaji anapokanyaga swichi ya sauti ya tano akapata ya sita. Nyingine ni agizo la kidhibiti, lenye namba yake na thamani yake, zote kati ya 0 na 127. Kwa mambo ya kuwasha na kuzima, thamani ya 0 hadi 63 ni kuzima, na ya 64 hadi 127 ni kuwasha. Kidhibiti namba 64 ndicho cha kanyagio la kinanda linalorefusha noti.

Kupanga swichi ya kitambo ni kuiambia itume 127 ikikanyagwa na 0 ikiachwa. Hapo uhusiano ni ule wa kanyagio la kitanda cha mfumi, kama vile vya akina mama wafumaji wa Ifakara: nyuzi hufunguka mguu ukiwa chini tu, na chombo cha kupitishia uzi hupita katika mwanya huo. Kupanga swichi ya kubaki ni kuiambia itume 127 safari ya kwanza, inyamaze ikiachwa, kisha itume 0 safari ya pili. Kumbukumbu ya hali iko ndani ya kidhibiti. Matatizo huanza mtambo unaopokea nao ukiwa umepangwa kukumbuka wenyewe, yaani kugeuka kila unapopata 127 na kupuuza 0. Kidhibiti kinachobadilisha 127 na 0 kikikutana na mtambo wa namna hiyo, swichi huhitaji kukanyagwa mara mbili ili ifanye kazi moja, na fundi asiyejua hufungua kifaa akitafuta waya uliokatika. Dawa ni kukirudisha kidhibiti kwenye tabia inayotuma 127 kila mguso, na kuuachia mtambo kazi ya kukumbuka.

Kushikilia ni jambo la tatu, na ndilo linalowachanganya wengi. Swichi moja inaweza kupewa kazi mbili: moja ikiguswa, nyingine ikishikiliwa, kwa kawaida nusu sekunde au zaidi. Lakini kidhibiti hakiwezi kujua mapema kama mguu utaondoka au utabaki. Kina njia mbili tu. Ama kitume agizo la kwanza papo hapo, kisha kiongeze la pili mguu ukikaa, na mtambo upate yote mawili. Au kingoje mguu uinuke ndipo kitume la kwanza, na hapo sauti hubadilika kwa kuchelewa. Katika wimbo wa taratibu ucheleweshaji huo hausikiki. Katika chemko, ile sehemu ya pili ya wimbo wa dansi ambapo mwendo hupanda na solo hutawala, husikika vibaya.

Kwa sababu hiyo mpangilio mzuri hufuata umbo la wimbo. Mabadiliko ya kuingia kwenye chemko hudumu dakika kadhaa, na yanafaa agizo la programu au swichi ya kubaki. Mwangwi wa kumalizia kifungu kimoja cha solo unafaa swichi ya kitambo: mguu unakanyaga noti ya mwisho ikilia, unainuka, na kifungu kinachofuata kinaanza kikavu. Swichi ya kupimia mwendo wa mwangwi kwa kugonga lazima iwe ya kitambo, maana kila mguso unahesabiwa. Iliyopangwa kubaki hupoteza mguso mmoja kati ya miwili na mwangwi huenda kwa nusu ya mwendo. Kushikilia kunafaa mambo ya katikati ya nyimbo, hasa kuzima sauti na kurekebisha nyuzi, ambako kuchelewa hakumuumizi mtu.

Makanisani, ambako kinanda cha umeme kimechukua nafasi ya hamoniamu, tatizo hilohilo huonekana kwa sura nyingine. Makanyagio ya kurefusha noti hutengenezwa kwa aina mbili, moja ikiunganisha mkondo inapokanyagwa na nyingine ikiukata. Vinanda vingi huchunguza aina hiyo wakati wa kuwashwa. Mpigaji akiwa tayari ameweka mguu juu ya kanyagio wakati huo, kinanda huelewa kinyume, na noti zote hujirefusha mguu ukiwa juu. Kukizima na kukiwasha tena huku miguu ikiwa mbali hutosha.

Bei ya vidhibiti ilishuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Behringer ilipotoa FCB1010, kidhibiti chenye swichi kumi za kuchagua, mbili za kupanda na kushuka, makanyagio mawili ya kuinamisha, na nafasi 100 za mipangilio. Kimezunguka dunia nzima, na sifa yake mbaya ni moja: kukipanga. Hakuna kioo cha maandishi, ni taa na tarakimu tu, na ili kuingia kwenye upangaji lazima swichi ya kushuka ishikiliwe kwa sekunde kadhaa. Kwa programu ya kiwandani swichi zake zinafanya kazi kama chaguo la mipangilio. Watumiaji waliotaka tabia ya kuwasha na kuzima kifaa kimoja kimoja walilazimika kung'oa chipu ya kumbukumbu na kuweka nyingine yenye programu iliyoandikwa nje ya kampuni.

Kukatika kwa umeme ndiko kunakoamua mengi katika upangaji wa vifaa hivi Tanzania. Ukame ulipolishusha bwawa la Mtera, mgawo wa umeme ulitangazwa mara kadhaa, ukiwemo ule wa mwaka 2006, na hitilafu ndogo ndogo ni jambo la kawaida mahali popote penye nyaya ndefu. Umeme ukirudi katikati ya wimbo, swichi za kubaki ndani ya kidhibiti huanza upya kwenye 0, ilhali mtambo wa sauti mara nyingi hurudi kwenye sauti ya mwisho uliyohifadhi. Viwili hivyo havikubaliani tena, na taa iliyowaka haimaanishi kitu. Wapangaji wenye uzoefu huzuia hilo kwa kuandika kila mpangilio utume hali ya vitu vyote: mwangwi 0, mkwaruzo 127, sauti ya jumla 100, hata kama kinachobadilika ni kimoja tu. Mguso mmoja baada ya giza unaupeleka mtambo mzima mahali panapojulikana.

Mpangilio wote wa kidhibiti huweza pia kutumwa kwa waya uleule wa MIDI kama furushi moja la data na kuhifadhiwa kwenye kompyuta, kisha kurudishwa kwenye kifaa kingine cha aina hiyohiyo. Furushi la FCB1010 ni dogo mno, la kilobaiti chache. Kwa mpiga gitaa anayetumia vyombo vya kanisa, vya hoteli au vya mwenye bendi, hiyo ndiyo sehemu ya kidhibiti anayoweza kuondoka nayo mkataba ukiisha.